Hondohondo Washuka Same

Treni ya kwenda Moshi ilikuwa imechelewa, na kwa kuwa ilikuwa siku ya soko, stesheni ya Same ilijaa hadi watu wakawa wanakanyagana. Akina mama wa milimani walikuwa wameitua mikungu yao ya ndizi penye kivuli cha paa la bati, Wamasai wamejiegemeza kwenye fimbo zao karibu na reli, na vumbi jekundu la tambarare limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya kope za watu.

Eliakunda alikuwa akipenya katikati ya umati huo, bakuli la chakula mkononi. Alikuwa binti wa mzee Eliezeri wa Bombo, ameshuka Same kukaa na shangazi yake Koleta na kujifunza ushonaji. Siku hiyo amevaa gauni la samawati lenye maua madogo, kazi ya mikono yake mwenyewe, limembana kiunoni na kumwagika chini ya magoti, na kilemba cheupe kimekaa upande kidogo, kama anavyopenda. Chakula kilikuwa cha mjomba Melkizedeki, mume wa shangazi, ambaye alikuwa karani wa stesheni.

Hapo ndipo aliposikia hondohondo.

Akasimama. Hondohondo ni ndege wa msituni, wa juu kwao kwenye ukungu na miti mikubwa, yule mwenye mdomo kama mzigo wa kubebeshwa na sauti kama ya punda aliyeshtuliwa. Hapa Same penye miiba na jua kali angefuata nini? Sauti ikarudia, nzito, ya kukwaruza. Alikuwa dume akiita. Eliakunda alikuwa ameumaliza utoto wake shambani akiamia ndege wasile mazao, na sauti zao alizijua kama sauti za ndugu zake. Kabla hajajizuia, alinyanyua kidevu akajibu kama jike anavyojibu.

Stesheni nzima ikageuka. Kisha watu wakaangua kicheko.

Kutoka nyuma ya mikungu ya ndizi alijitokeza kijana mrefu, kaptura ya kaki imepigwa pasi ikanyooka, kofia ya zamani ya jeshi imeinamia jicho moja, na mkononi ana tarumbeta linalometameta.

"Nani amenijibu?" akauliza.

"Nani ameniita?" Eliakunda akarudisha.

"Mimi nilikuwa nampigia yeyote."

"Basi umempata yeyote. Chukua tarumbeta lako urudi kiotani."

Watu wakapiga makofi. Kijana akavua kofia, akainama kama wanavyoinama mbele ya maofisa. "Naitwa Sefania. Natoka Kighare, Ugweno. Nilipiga hili tarumbeta kwenye bendi ya keya, jeshi la Mwingereza, mpaka Burma, na huko kote hakuna ndege aliyenijibu vizuri hivi."

"Ndege wa Burma walikuwa na adabu," akasema Eliakunda. "Walikuwa wakikungoja umalize."

Treni ikaingia kwa kishindo na moshi. Sefania, ambaye alikuwa karani katika stesheni ya Kifaru, ilimbidi apande. Alipanda kinyumenyume, akimtazama, akajigonga kichwa kwenye mlango wa behewa. Eliakunda alicheka njia nzima hadi ofisini, na mjomba akala chakula kilichopoa.

*

Siku iliyofuata simu ya stesheni ililia, na mjomba Melkizedeki akamwita mpwa wake kwa uso wa mtu aliyemeza ndimu.

"Simu hii ni ya treni," alisema. "Si ya maneno ya vijana. Sema upesi."

Eliakunda hakuwa amewahi kushika simu. Alikiweka kile chombo sikioni, akasikia mvumo kama wa nyuki, kisha sauti ya Sefania.

"Habari yako, jike la hondohondo?"

"Nzuri. Kichwa kimepona?"

"Kina nundu. Nimeanza kufanana na dume hasa."

Alimweleza alichotaka. Mwisho wa msimu kungekuwa na maonyesho ya mazao pale bomani Same, na Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, alikuwa ametangaza kwamba kila kikundi cha ngoma kinakaribishwa. Sefania alitaka kuleta kitu ambacho hakijapata kuonekana. Si ngoma ya kawaida, wala si kwaya, wala si bendi ya askari, bali vyote hivyo kwa pamoja: ngoma za Kassimu, rafiki yake wa Kifaru, tarumbeta, sauti za watu wakiimba kama kanisani, na wachezaji waliovaa kama ndege. Wangecheza ile hadithi ya hondohondo waliyosimuliwa utotoni.

"Ipi hiyo?" akauliza Eliakunda.

"Ya dume aliyempenda mkewe mpaka akamweka ndani ya tundu la mti, akaliziba kwa udongo, akaacha upenyo mdogo tu wa kumlishia. Ninakuhitaji wewe uwe jike."

"Na wewe nani?"

"Mimi ni nani tena, Eliakunda?"

Kabla hajajibu, sauti nyingine nzito ikaingia katikati ya mvumo. "Dada, mkubalie bwana! Hapa Lembeni tuna treni ya mizigo inangoja!"

Kumbe makarani wote wa njia ile walikuwa wakisikiliza. Eliakunda aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. "Nimekubali kucheza," alisema. "Kucheza tu. Na wewe wa Lembeni, fanya kazi yako!"

*

Mazoezi yalifanyika Jumamosi baada ya Jumamosi, katika uwanja nyuma ya nyumba ya shangazi Koleta. Mwanzoni yalikuwa fujo tupu. Waimbaji wa kanisani walitaka wimbo uende kwa mstari, Kassimu alitaka uende kwa kiuno, na tarumbeta la Sefania halikumfuata yeyote. Majirani walikuja na vigoda vyao kukaa na kucheka. Lakini siku moja Eliakunda aliwaambia wote waache nyimbo walizozizoea.

"Sikilizeni ndege kwanza. Akiruka, mabawa yake yanavuma, *vuu, vuu, vuu*. Kassimu, hiyo ndiyo ngoma yako. Nyie waimbaji, nyie ni ukungu. Msiseme neno, vumeni tu. Na wewe Bwana Tarumbeta, usiingie mpaka ukungu upasuke."

Walijaribu. Kassimu alipiga taratibu kwa viganja, sauti za waimbaji zikapanda kama ukungu unavyopanda kutoka bondeni asubuhi, na tarumbeta lilipoipasua ile sauti, mtoto wa jirani aliangua kilio na watu wazima hawakucheka tena. Shangazi Koleta alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Jamani," alisema, "nimesikia baridi ya Bombo."

Sefania aliwaletea katani kutoka mashamba ya Kifaru. Wakaitia rangi nyeusi, Eliakunda akaishona kwenye vitambaa ikawa mabawa ambayo mtu akigeuka yanavuma yenyewe. Migongoni waliweka kitambaa cheupe, na vibuyu vilivyokatwa vikawa midomo. Jioni, wengine wakishaondoka, wawili hao walibaki kwenye kizingiti wakiokota nyuzi za katani nguoni.

"Nyie Wagweno mnaongea upesi kama mnakimbizwa," Eliakunda alikuwa akimtania.

"Na nyie wa Bombo mnaongea taratibu kama mnangoja chai."

"Chai ikija je?"

"Ikija nitainywa, ua langu. Nitainywa mpaka sufuria ikauke."

Kitu kimoja tu kilimkera Eliakunda. Katika ile hadithi ya Sefania, jike akishazibwa mtini, alinyamaza. Alikuwa akitoa mdomo tu kwenye upenyo kupokea chakula, hadi mwisho.

"Mbona haimbi akiwa ndani?" aliuliza siku moja.

"Hadithi ndivyo ilivyo. Anangoja."

"Anangoja nini?"

Sefania alikuna nundu yake iliyokwishapona. "Sijui. Bibi hakuniambia."

Mwezi mmoja kabla ya maonyesho Sefania alipanda Bombo kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Eliakunda. Mzee Eliezeri alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa Biblia na migomba, ambaye kwake uwanja wa ngoma na njia ya kuzimu vilikuwa na mlango mmoja. Eliakunda alikaa Same roho juu. Sefania aliporudi alitabasamu na kusema, "Mzee amenipokea vizuri," lakini hakueleza zaidi, na alipoulizwa aligeuza maneno.

*

Jioni moja Eliakunda alimpelekea tena mjomba chakula. Ofisi ilikuwa wazi na haina mtu. Mjomba alikuwa ametoka na bendera yake kupokea treni ya mizigo, ameacha chombo cha simu juu ya meza. Kutoka ndani yake zilisikika sauti mbili zikizungumza, ndogo kama za wadudu. Moja ilikuwa ya Sefania. Eliakunda alisogeza sikio, akitaka kumshtua kwa mlio wa jike.

"...nimempa mzee Eliezeri neno langu," Sefania alikuwa akisema. "Siku ndoa ikifungwa, uwanjani basi. Hakuna tena kusimama mbele ya watu. Ni nyumbani na kanisani."

"Hata kwa sauti tamu namna ile?" aliuliza yule wa Lembeni.

"Hata iwe tamu vipi. Nimeahidi."

"Na mwenyewe Eliakunda anajua?"

"Hajui. Nikimwambia sasa atakataa. Nitamwambia baada ya maonyesho."

Eliakunda hakupiga mlio wowote. Aliliweka bakuli mezani, akatoka. Aliona wazi sasa. Yule mwanamume aliyempenda kwa sauti yake alikuwa ameshaenda nyuma ya mgongo wake, akakubaliana na baba yake kuiziba. Ndiyo maana jike wa hadithi yake haimbi.

Jumamosi Sefania alishuka kwenye treni akiwa na mdomo mpya wa kibuyu, uliopakwa rangi kwa ustadi, zawadi kwa ajili yake. Eliakunda alikuwa uani, amefunga khanga kifuani, na furushi lake liko mlangoni.

"Tafuta mtu mwingine wa kuziba," alimwambia.

"Vipi, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Ulimwahidi nini baba yangu?"

Uso wa Sefania ulibadilika. "Nani amekuambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli, Eliakunda, lakini nilifanya kwa ajili yako. Mzee hakuniachia njia nyingine. Nilidhani ukija kuelewa..."

"Kwa ajili yangu!" Alicheka kicheko kikavu. "Ulimpa mtu kitu ambacho si chako kutoa."

"Si changu?" Sefania alimwangalia kama mtu anayesikiliza lugha ngeni. "Kama si changu ni cha nani?"

Neno hilo lilimaliza yote. Eliakunda alibeba furushi lake akaondoka bila kugeuka. Sefania alibaki na ule mdomo wa kibuyu mikononi, na shangazi Koleta, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, safari hii alilikosa.

*

Bombo ilikuwa imejaa ukungu na harufu ya kahawa iliyoanikwa. Eliakunda alilima, alipika, alichota maji, na hakuimba. Mama yake, Susana, alimwacha siku kadhaa. Kisha wakiwa shambani wakipalilia maharage, hondohondo wawili walipita juu yao, mabawa yakivuma, na Eliakunda akageuza uso.

"Hata ndege umewakasirikia?" aliuliza Susana.

"Yule dume humfungia mwenzake ndani ya mti, mama. Hawapendani wale."

Susana aliegemea jembe. "Nani kakudanganya? Dume huleta udongo tu. Jike ndiye anayeziba, tena kwa ndani, kwa mdomo wake mwenyewe. Na siku akichoka kukaa, hubomoa akatoka. Hujapata kumwona dume anavyoshtuka."

Eliakunda alicheka, kwa mara ya kwanza tangu apande mlima, lakini uchungu haukumtoka. Hadithi ya ndege ilikuwa nyingine. Sefania alikuwa ametamka kwa kinywa chake.

Ikafika siku ya maonyesho. Mzee Eliezeri alikuwa na mikungu ya ndizi ambayo kijiji kizima kilisema haijapata kuonekana, na alitaka kuipeleka bomani mwenyewe. Akamwamuru binti yake aende naye kuishikilia isichubuke. Lori likashuka alfajiri kupitia Gonja na Kisiwani, wao wamekaa nyuma juu ya majani makavu ya migomba, blanketi moja magotini.

Mzee alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya aseme kuliko kawaida yake.

"Umegombana na yule Mgweno," alisema. "Mimi sipendi. Kijana mtiifu vile! Vijana wangapi wangekubali kuacha tarumbeta lao kwa ajili ya msichana?"

Eliakunda aligeuka polepole. "Tarumbeta lake?"

"La nani tena? Nilimwambia, mkwe wangu hatakuwa mtu wa kupigapiga viwanjani. Akilipiga, alipigie nyumbani au kanisani. Nikaona machozi yanamlengalenga. Kisha akasema, 'Sawa mzee, siku ya ndoa nitaliacha.'"

"Na mimi, baba? Kuhusu mimi mlisema nini?"

"Wewe? Hatukukuzungumzia. Wewe unaimba kwaya tangu utoto, nani atakukataza kuimba?"

Eliakunda alishika ubao wa lori kwa mikono miwili. *Kama si changu ni cha nani?* Ni kweli. Lilikuwa lake. Lilikuwa kitu pekee alichorudi nacho kutoka vitani, na alikuwa amelitoa kimya kimya, asimbebeshe Eliakunda mzigo wa kukataa. Na yeye akamtuhumu kutoa kisicho chake.

"Dereva!" alipiga kelele, akigonga bati la mbele. "Dereva, kaza mwendo!"

"Ndizi zangu!" akapiga kelele mzee Eliezeri.

*

Walipofika, uwanja wa boma ulikuwa umefurika. Watu walikuwa juu ya miti, juu ya mapipa, juu ya mabega ya wenzao. Bwana Shauri amekaa chini ya turubai akijipepea kwa kofia. Katikati ya uwanja ukungu wa sauti ulikuwa umeshapanda. Ngoma za Kassimu zilivuma, ila zilipigwa na mtu mwingine, kwa sababu Kassimu mwenyewe alikuwa ndiye jike. Alikuwa amevaa mabawa ya Eliakunda yaliyombana kwapani, masharubu yamejitokeza chini ya mdomo wa kibuyu, na watu walikuwa wakicheka hadi kukohoa. Sefania hakucheka. Alicheza kama mtu anayelipa deni, akikandika udongo kwenye ule mti wa fito na magunia, mabega yamelegea.

Eliakunda aliruka kutoka lorini, gauni la samawati limejaa majani makavu. Hapakuwa na njia ya kupita. Basi alisimama pale pale nyuma ya umati, akanyanyua kidevu, akaita.

Sauti ilipita juu ya vichwa vyote. Ngoma zikasita. Sefania alisimama na donge la udongo mkononi, hakugeuka, kama anayeogopa kwamba akigeuka hakutakuwa na mtu. Eliakunda akaita tena.

Watu wakaachia njia. Kassimu alipomwona alivua mdomo, akamvisha mabawa haraka haraka. "Alhamdulillahi," alinong'ona. "Nilikuwa nakufa humu."

"Eliakunda," Sefania alisema kwa sauti ya chini, "sikuelewa kosa langu, lakini..."

"Kosa ni langu. Nilisikia nusu ya maneno kwenye simu, nikadhani umeahidi kuizima sauti yangu. Kumbe ni tarumbeta lako." Alimpokonya lile donge la udongo. "Nipe. Kwetu jike huziba mwenyewe."

Aliingia ndani ya mti, akaanza kukandika kwa ndani. Watu walishangaa, hii hawakuwahi kuisikia katika hadithi. Ukuta ulipokamilika, uwanja ukawa kimya, na ndani ya ule ukimya Eliakunda akaanza kuimba. Aliimba bila maneno, kwanza chini kama mtu anayejisemea, kisha juu. Sefania alisikiliza. Halafu akaokota tarumbeta lake majanini akamjibu. Wakajibizana hivyo, sauti na shaba, moja ikikimbia nyingine ikifuata, waimbaji wakivuma, ngoma zikirejea, hadi akina mama wakaanza kupiga vigelegele na Wamasai waliokuwa pembeni wakaanza kuruka bila kualikwa. Ndipo mabawa meusi yakaupasua ukuta. Udongo uliruka mpaka kwenye turubai la Bwana Shauri. Eliakunda akatoka, akazunguka, katani ikavuma, *vuu, vuu*, na uwanja wote ukalipuka.

Sefania alipiga goti, jasho linamtiririka, udongo hadi kwenye nyusi.

"Nioe, Eliakunda," alisema. Kisha akashtuka. "Yaani, nikuoe. Jamani, nimechanganyikiwa."

"Nimekubali yote mawili," alisema Eliakunda. "Lakini sikutaki bila hilo tarumbeta. Kama baba hataki, tutangoja mpaka atake."

Watu wakageuka kumtafuta huyo baba. Mzee Eliezeri alikuwa amesimama mbele kabisa, kofia mkononi. Hakuna aliyejua alifikaje pale, maana ndizi zake alikuwa ameziacha lorini bila mlinzi. Macho yake yalikuwa mekundu, na alidai ni vumbi.

"Shikamoo mzee," alisema Sefania, akisimama upesi.

"Marahaba." Mzee alilitazama tarumbeta, akamtazama binti yake mwenye mabawa. "Niliomba kitu kibaya," alisema hatimaye. "Sikuwa nimelisikia hilo tarumbeta. Neno lako nakurudishia, kijana. Lipige unapotaka. Ila Jumapili ulipige Bombo, wazee wenzangu nao wasikie."

Vigelegele vilivyofuata vilifika stesheni. Kassimu alimkumbatia kila aliyekuwa karibu, na shangazi Koleta alipata hatimaye la kusema, akalisema kwa muda mrefu.

Jioni, ndizi zikiwa zimepata zawadi ya pili na mzee akinung'unika kwamba waamuzi hawajui ndizi, lori liliwashwa kurudi mlimani. Eliakunda alipanda nyuma, akajikunyata kwenye majani. Sefania alisimama chini, tarumbeta kwapani, akishindwa kuuachia mkono wake.

"Nitakupigia simu kesho," alimwambia.

"Bombo hakuna simu."

"Basi nitapiga kelele kutoka Kifaru."

"Hujapiga za kutosha leo?"

"Bado kidogo, ua langu."

Mzee Eliezeri alichungulia kutoka kando ya dereva. "Wewe kijana, unasimama hapo kufanya nini?"

"Naaga, mzee."

"Unaaga nani? Mama yake anataka kukuona, na mkweo nimekwisha kukaa garini. Panda, unatuchelewesha."